Kati ya Jani na Jini

Jina la kwanza halikutupa kazi.
Kwetu watoto huzaliwa kwa foleni:
wa kwanza akiwa wa kike ni Masika,
Butembo ni Masika, Kasese ni Masika,
mto Lhubiriha haujaligusa.
(Baba yako umemgusa: huku ni Bwambale,
ng'ambo wajomba zako humwita Kambale. Huitika kote.)
Umezaliwa kiangazi, vumbi la Bwera limeingia hadi ndani ya chandarua,
na bado unaitwa mvua.

Jina la pili ndilo lililotukosesha usingizi.

Nilimtaka bibi yangu. Jeanne.
Litamke kama padri aliyembatiza,
ulimi ukaribie meno bila kuyagonga,
kisha likatike ghafla.
Sisi hatukuweza kulikata.
Tuliongeza irabu mwishoni, kama mtu anavyoongeza chumvi,
akawa Jani.
Bibi Jani wa Butembo,
mtwanga sombe, mchi wake ulituamsha kabla ya jogoo,
vidole vyake kijani hata kwenye Komunyo.

Baba yako ni fundi wa mizani za kahawa.
Hupima kabla ya kusema.
"Shule zote huku ni Kiingereza," akaniambia.
"Mwalimu akiliona jina hilo daftarini
atasoma Jini."

Jini!
Nilicheka mpaka mshono ukanikaripia.
Miezi tisa ya kichefuchefu na kulamba udongo,
nizae jini?
Aitwe darasani, wenzake wapande juu ya madawati?
"Basi Jeni," akasema. "Au Joani. Ni yale yale."
Si yale yale.
Jeni ni mke wa kinyozi wa hapa jirani,
na ananidai elfu nne.

Jumatatu tukaenda kwa mwandikishaji,
mama mpole, miwani imefungwa kwa uzi.
Akaniomba nitaje herufi moja moja.
Nikazitaja kwa Kifaransa:
fedha niliibadilisha Mpondwe, herufi sikuzibadilisha.
Nikasema "ji", akaandika g.
Nikasema "a", akaandika r.
Tulipofika mwisho alikuwa na neno
ambalo halijawahi kuitwa mtu.
Akalikata kwa rula, akaandika kwa akili yake mwenyewe:
Jean.
"Jina zuri," akasema, "la kike hasa. Shangazi yangu."

Mama, kwetu huyo ni mwanamume.
Kwetu Jean ndiye mume wa bibi,
aliyeondoka usiku na redio.

Nikaomba kalamu.
Nikaongeza n. Nikaongeza e,
ile e ya mwisho isiyosemwa na yeyote,
Mwingereza haisemi, Mfaransa haisemi.
Kiswahili hakifugi herufi ya bure,
kila moja hutoka jasho;
hii nimeiacha ikae tu mkiani, kimya,
kama bibi mwaka ule mpaka ulipofungwa,
nikamsikia akihema kwenye simu, hasemi neno,
nami sikukata mpaka salio likaisha.

Watakuita Jini, mwanangu. Utarudi ukilia siku mbili tatu.
Halafu utawatisha, utaona faida yake.

Jana usiku, akidhani nimelala,
baba yako alikuinamia, taratibu,
kama anayetafuta sifuri ya mizani.
Jeni, akanong'ona.
Akatikisa kichwa. Jini.
Ukapiga chafya.
Akakufuta pua kwa kidole chenye grisi,
akajaribu tena.